Tusiikate Kriketi Mpaka Iishe

Majuzi kwenye kikao cha michezo lilitolewa wazo kwamba ligi ya kriketi ya chuo ipunguzwe, kutoka ova 20 hadi ova 10 kwa kila timu. Sababu tulizopewa: UE zinakaribia, watu hawana muda, na watazamaji wanataka kuona mipira ikivuka kamba tu. Ukumbi ukapiga makofi. Nilipopinga nikaambiwa bado naishi enzi za mkoloni. Kwa kuwa pale sikupewa muda wa kujieleza, naomba nijieleze hapa.

Mimi si adui wa kriketi fupi. T20 ndiyo iliyonileta uwanjani. Unaingia saa nane mchana, jioni umeshajua nani kashinda, unarudi hosteli kupika. Na imetufungulia milango. Tangu 2019 mechi ya T20 kati ya timu za taifa za wanaume za nchi zozote wanachama wa Baraza la Kimataifa la Kriketi inahesabika kuwa ya kimataifa. Ndiyo maana leo Tanzania na Rwanda zimo kwenye orodha ya ubora ya dunia. Uganda iliifunga Zimbabwe 2023, ikafuzu Kombe la Dunia la T20 la 2024. Wanaosema T20 ni sumu tupu, nadhani hawajawahi kuishi upande huu wa dunia.

Lakini mlango si nyumba. Kwenye kombe hilo hilo Uganda ilitolewa kwa mikimbio 39 na West Indies, kisha 40 na New Zealand. Vijana walijua kupiga; kukaa ndiyo ilikuwa shida. Na kukaa hakufundishwi na mchezo unaokudai upige kila mpira.

Zamani palikuwa na ngazi. Kuanzia 2004 nchi zisizocheza mechi za Testi, zile za siku tano, zilikuwa na Kombe la Mabara la mechi za siku tatu, baadaye nne. Kenya, iliyokuwa imetoka kucheza nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003, ilifika fainali ya kombe hilo 2005 kule Windhoek, ikafungwa na Ireland. Ireland na Afghanistan zilipanda ngazi hiyo mpaka 2017 zikapewa hadhi ya Testi. Kenya ilianguka, na tuseme ukweli, migogoro ya viongozi ilichangia sana. Ila tangu 2017 kombe hilo halijachezwa tena. Hata Kenya ikijipanga leo, itapandia wapi?

Kwa hiyo tusiisingizie T20. Kosa ni la wanaopanga kalenda na kugawa fedha. Tazameni Afrika Kusini. Mapema 2024 ilipeleka New Zealand kikosi cha Testi chini ya nahodha ambaye hakuwahi kucheza Testi hata moja, kwa sababu wakali wake walikuwa wamefungwa na ligi ya T20 ya nyumbani. Ikapoteza mechi zote mbili. Mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye, Juni 2025, wakali wakiwa wamerudi, ikatwaa ubingwa wa dunia wa Testi pale Lord's. Aiden Markram alipiga 136 kwa mipira 207. Huyo huyo anacheza T20 kila msimu! Ligi fupi haikumharibu, kwa sababu alikuwa ameshalelewa kwenye mechi ndefu za kwao.

Nami nina ushahidi wangu mdogo. Msimu uliopita wa ligi, mara tatu nilitolewa kabla ya kufikisha mpira wa tano, kila mara nikijaribu kupiga kubwa. Kisha tukacheza mechi ya kirafiki ya siku mbili, mechi pekee ndefu niliyowahi kucheza. Nilikaa mipira 94 nikapata mikimbio 31. Washkaji walinicheka kwamba nasinzia. Lakini siku ile ndiyo nilijifunza kuuacha mpira usionihusu upite, na kumsoma mrushaji mpaka achoke yeye.

Ombi langu kwa waziri wetu wa michezo ni dogo. Ova 20 zibaki. Halafu kila muhula tupewe mechi moja tu ya siku mbili, Jumamosi na Jumapili, mwanzoni kabla presha ya mitihani haijaanza. Uwanja upo, vifaa ni vile vile. Kinachoongezeka ni maji na chakula cha mchana, na hicho tuko tayari kuchanga bumu likitoka.

Tukienda ova 10 leo, msimu ujao atatokea mwenye haraka zaidi aseme tano zinatosha. Sijui huyo naye tutamjibu nini.