Kwenye mchezo wetu, mtu asizaliwe mulozi

Hapa Mangobo, jioni moja, mama jirani alipita karibu na parseli ambapo vijana watano walikuwa wanacheza mezani na karatasi, kalamu na dadu ya pande 20. Akasikia mmoja anasema: «Mie niko ensorceleur, ninatupa moto!» Kesho yake mtaa mzima ulikuwa unasema watoto wale wanajifunza ulozi. Baba wa mmoja alichoma karatasi zake, na mtoto wa miaka 14 akaenda kulala kwa shangazi yake. Sisi watu wa sendika ya wachimbaji, wenye kuzoea kuitwa kwenye mizozo, tuliitwa.

Tulikaa, tukaangalia. Ni mchezo wa hadithi. Mmoja anasimulia safari, wengine kila mtu anachagua kazi yake: mpiganaji, mwizi, mtu wa Mungu, magicien. Dadu njo inaamua kama jambo limefaulu. Mchezo huu ulitoka Marekani mwaka 1974, uliandikwa na Gary Gygax na Dave Arneson. Zamani zile magicien alikuwa mtu wa kusoma: anaweka maneno kichwani, akiyatumia yanatoka, mpaka apumzike na kuyasoma tena. Wazo hilo walilitoa kwa mwandishi Jack Vance. Sheria hiyo tunaipenda: nguvu iko na bei, na inahesabika.

Lakini mwaka 2000 waliongeza huyu ensorceleur. Yeye hasomi, nguvu iko ndani ya damu yake tangu kuzaliwa. Kwa mtu wa Paris hilo ni mchezo tu. Kwetu ni maneno yale yale yanayofukuza watoto nyumbani: «Alizaliwa nayo», halafu mtoto analala sokoni. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto ulozi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu anayefanya hivyo.

Kwenye machimbo tunaujua ugonjwa huo. Shimo likibomoka, hakukosi mtu wa kuuliza: nani amemloga marehemu? Sisi tunauliza: miti ya kushikilia udongo ilikuwa wapi? Nani alikataa kuilipa? Wakati sisi tunatafuta mulozi, patro analala vizuri.

Njo maana tuliwaambia vijana: musiache mchezo, mubadilishe sheria. Ensorceleur atoke. Nguvu iwe kazi ya kujifunza kwa mwalimu, mlango uwe wazi kwa kila mtu, na jina lake liwe «fundi wa maneno». Kila neno lile kitu: chakula, usingizi, ao siku ya kazi. Kama jambo ni kubwa, bei igawanywe na kikundi kizima, vile tunagawana uzito wa mchanga. Na kazi zingine zitoke hapa kwetu: mchimbaji anayesoma udongo, Mugenia anayejua maporomoko, mtu wa toleka anayejua njia zote, mama wa sokoni anayejua bei na siri za watu.

Kijana mmoja alikataa. Alisema bila ensorceleur mchezo utakosa ladha, na kitabu ni kitabu. Tulimjibu: wenye kitabu wenyewe wanabadilisha. Mwaka 2024 walitoa neno «race», juu watu wengi walikuwa wanalilalamikia. Kama wao wanaweza kusikia kilio cha watu wao, sisi tutashindwa nini?

Ba papa na ba mama, tunawaomba: musisikilizie mlangoni. Muingie, mukae, muulize. Yule mama jirani alikuja Jumapili. Hajacheza bado, lakini aliuliza: neno la moto linakula nini?