Tusisubiri 2045 ndipo tuzikumbuke mita

Mwaka 2000 ulipoingia na taa zikaendelea kuwaka, wengi wetu tulicheka. Tulikuwa tumeonywa kwamba tarakilishi za mashirika ya umeme, zilizozoea kuandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, huenda zikadhani 00 ni 1900 na kutuacha gizani. Giza halikuja, nasi tukahitimisha kwamba tulitishwa bure. Hitimisho hilo nalipinga. Taa ziliwaka kwa sababu wahandisi walikuwa wamekesha miaka kadhaa wakirekebisha programu.

Anayetilia shaka na aitazame mita ya tokeni iliyo ukutani mwake. Hadi 2024, tokeni ya tarakimu 20 ilibeba hesabu ya dakika tangu Januari 1, 1993, ili isitumiwe mara mbili. Hesabu hiyo ilitengewa biti 24, hivyo mwisho wake ni dakika 16,777,216. Zigawe kwa dakika za mwaka mmoja, utapata takriban miaka 32. Naam, ukingo wake ulikuwa Novemba 24, 2024. Mita ambayo haikurekebishwa kabla ya siku hiyo isingepokea tokeni mpya.

Ndiyo maana mwaka huo Kenya Power iliwatumia wateja tarakimu za ziada waziingize. Baadhi ya majirani zangu walishuku kuwa ni ulaghai. Sikuwalaumu. Hawakuwahi kufundishwa popote kwamba mashine huweza kuishiwa na nafasi ya kuhesabia wakati, kama daftari linavyoishiwa na kurasa.

Hapo ndipo ninapowageukia walimu. Hesabu mpya ya mita inaanzia 2014, nayo itakwisha 2045. Kabla ya hapo, Januari 19, 2038, tarakilishi zinazohesabu sekunde tangu 1970 kwa biti 32 zitafika kikomo, na mitambo ya umeme hudumu kazini kwa miongo mingi. Watakaotakiwa kuirekebisha sasa wamo madarasani wakijifunza vipeo. Mwalimu wa hisabati na aingie na risiti ya tokeni, awaachie wanafunzi wautafute wenyewe mwaka wa 2045.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu tunaijua hata tarehe yake. Tukiusahau, hatutakuwa na udhuru.