Kusisimka si Kuchochewa: Dhima Yetu katika Istilahi za Nuru

Ni desturi katika makongamano yetu kukisifu Kiswahili kuwa kinaweza kubeba taaluma yoyote. Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nachelea kuwa tumeanza kulitia. Tukitaka kuujua uwezo wa lugha hii, hatuna budi kuipeleka palipo pagumu. Mathalani, katika uchunguzi wa molekuli za metali alikali kwa nuru ya leza.

Atomu ya potasiamu ina elektroni moja tu katika mzingo wake wa nje. Metali hii inapogeuzwa mvuke, baadhi ya atomu zake huambatana mbilimbili na kuwa molekuli. Mwaka 1968, Tango, Link na Zare walichapisha matokeo ya kuumulika mvuke huo kwa nuru nyekundu ya leza ya heli na neoni, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 632.8. Molekuli zilizoifyonza nuru hiyo zilipanda hadi hali ya juu ya nishati, zikakaa huko nanosekunde chache tu, kisha zikashuka zikitoa nuru. Nuru hiyo ilipochanganuliwa, ilidhihirika kuwa safu ya mistari. Kutokana na mistari hiyo ilijulikana jinsi atomu mbili zinavyotetema, na ni viwango vipi vya juu vilivyofikiwa.

Je, hali hiyo ya juu tuiite nini? Atakayependekeza “hali iliyochochewa” nitampinga. Leza yenyewe hufanya kazi kwa sababu nuru inayopita huilazimisha atomu iliyokwisha kupanda ishuke na kutoa nuru inayofanana nayo. Huko ndiko kuchochewa. Kitenzi kimoja kikibebeshwa maana zote mbili, mwanafunzi atachanganya kupanda na kushuka. Basi molekuli ikipandishwa, tuseme imesisimuliwa. Ikilazimishwa kushuka na nuru nyingine, imechochewa. Ikishuka bila kulazimishwa, imetoa nuru kwa hiari.

Huenda msomaji akahoji kwamba kusisimka ni kwa mwili na moyo wa binadamu. Na akumbuke kuwa wimbi lilikuwa la bahari kabla ya kuwa la nuru.

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya, na tangu mwaka 1990 tunayo Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI. Hata hivyo, katiba haiundi istilahi, wala kamusi haimfafanulii msomaji kinachotendeka ndani ya mvuke. Istilahi huundwa na anayekielewa kitu chenyewe. Kwa hivyo nawasihi wanachama wenzangu: tubishe hodi katika idara za fizikia, tukae na wanafunzi wa huko, tuandike pamoja japo makala moja kila muhula. Tusipofanya hivyo, sifa tunazokimiminia Kiswahili zitabaki kuwa tembo lenye maji.