Sitatuma springi za mkono!

Hapa Doha joto lipo palepale. Mdogo wangu, ni mara ya tatu unaomba springi za kuminya. Jibu ni lilelile: SITUMI!

Zile za plastiki zisizorekebishika ugumu wake haupandi. Wiki ya pili unaziminya mara mia huku unaangalia mpira, hapo hujengi nguvu tena. Za chuma zipo, kama Captains of Crush: namba 1 ni kama kilo 63, namba 3 kilo 127. Lakini kila ukipanda unanunua nyingine! Nani analipa?

Halafu zinafundisha kufumba tu. Mfuko wa saruji unakuponyoka kwa kushindwa KUSHIKILIA. Madumu mawili ya lita 20 yapo hapo nyumbani, kila moja ni kilo 20 za maji. Tembea nayo mpaka vidole vilegee, pumzika, rudia. Yakiwa mepesi, zungushia mishikio kitambaa kinene. Kufumbua vidole, tumia mipira ya kufungia noti.

Huku wenye mikono ya chuma ni vijana wa kufunga nondo, na sijaona hata mmoja mwenye springi (wala muda wa kuminya).

Begi limeshajaa: viatu vya watoto na dawa ya presha ya mama.