Mwacheni Mtani Afanye Kazi Yake

Katika misiba ya mjini siku hizi kila jambo lina mtu wake. Ipo kamati ya mazishi, yupo mweka hazina anayeandika michango, wapo vijana wa turubai na viti, na yupo mshereheshaji mwenye kipaza sauti na ratiba iliyochapishwa. Asiyekuwamo kwenye ratiba hiyo ni mtani, yaani mtu ambaye kabila lake, ukoo wake au undugu wake na marehemu humpa haki ya kutania. Akitokea amevaa koti la marehemu, akaanza kuiga mwendo wake na kuwadai watu madeni kwa sauti yake, hawakosekani wa kumvuta pembeni na kumwambia anavuruga shughuli. Wanaomvuta wanakosea. Mtani amekuja kazini, tena kwa kazi ambayo hakuna mjumbe yeyote wa kamati aliyepangiwa.

Tuitazame kazi yenyewe. Kwa makabila mengi ya Tanzania, watani ndio walioshika majembe kuchimba kaburi na kubeba shughuli nzito ambazo wafiwa hawakuwa na nguvu nazo. Uhuru wao wa kutania umefungamana na jasho hilo. Mtani huweza kushuka kaburini, akajilaza chali, akaapa kwamba hatoki mpaka apewe kitu. Huweza kumkamata jogoo wa marehemu na kudai kwamba ndiye aliyerithishwa. Huweza kuangua kilio kikubwa kuliko cha mjane, kisha akakikatisha ghafla na kuuliza wali umefikia wapi. Mfiwa haruhusiwi kukasirika, na hapo ndipo palipo na busara ya mpango huu. Mtu aliyekaa mkekani tangu jana bila kula wala kusema analazimika kuinua kichwa, kujibu, kupapasa mfukoni na kubishana kuhusu kiasi. Kwa dakika chache amerudi kuwa mtu kati ya watu. Pole za watu mia moja haziwezi kumfikisha hapo, maana pole haidai jibu.

Mpango huu una historia ndefu. Mwaka 1941, Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekuwa akifanya kazi Amani katika milima ya Usambara, alichapisha makala kuhusu utani wa Tanganyika kwenye jarida la Tanganyika Notes and Records. Asili ya utani wa makabila huelezwa zaidi kwa mambo mawili: vita, kama vile kati ya Wangoni na Wahehe, na njia za misafara, ambazo wapagazi wa Kinyamwezi walizifuata kupitia Uzaramo kuelekea pwani. Hali zote mbili ziliwaweka watu karibu na kifo. Waliouana jana walihitaji namna ya kukaa pamoja leo bila kulipizana kisasi, na mpagazi aliyefia mbali na kwao alihitaji mtu wa kumzika. Kwa maoni yangu, mzaha na jembe vilikua pamoja, na anayeking'oa kimoja anakidhoofisha na kingine. Mwaka 1963 Mmarekani James Christensen aliandika kuhusu utani wa Waluguru, ambao hufanyika kati ya koo za kabila lilelile, naye aliuunganisha mzaha huo na wajibu wa kijamii.

Wako wanaopinga kwa hoja ya dini, wakisema msiba ni mahali pa dua na utulivu. Hoja hiyo ina uzito, ila haimfukuzi mtani, inampa mipaka tu. Sala ikianza, yeye hunyamaza kama wengine. Wengine husema mzaha huongeza maumivu, hasa anapozikwa mtoto au kijana. Ni kweli, na mtani anayejua kazi yake huliona hilo kabla ya kuambiwa. Siku hiyo huchimba kaburi na kukaa kimya. Hoja nzito zaidi ni ile ya mjini: jirani wa Temeke au Kinondoni hajui nani ni mtani wa nani, na hapo mlevi yeyote anaweza kutukana akajificha nyuma ya jina la utani. Lakini watani hawajaisha mjini. Wachaga na Wapare bado wanataniana maofisini kila siku, na kila familia ina wajukuu na mashemeji, ambao utani wao hauhitaji kabila. Kamati iwaulize wafiwa mapema watani wao ni akina nani, iwape nafasi, na itenge fedha kidogo za kumtoa kaburini atakayejilaza.

Ruhusa hiyohiyo ya kutania inawafaa wanaoishi na kifo kila siku: wahudumu wa mochwari, waosha maiti, wachimba kaburi wa kulipwa. Wengi wetu tunawaogopa, tunasita hata kupokea chakula mikononi mwao, kisha tunawashangaa wakicheka. Ni nani anayeweza kubeba kazi hiyo miaka ishirini kwa kununa? Mpaka wa kicheko chao tunao tayari katika mafundisho ya Kiislamu: mwosha maiti anatakiwa kuyasitiri aliyoyaona mwilini. Wataniane wao kwa wao, wamtanie hata mkubwa wao wa kazi, mradi mwili wa marehemu usiwe mada. Ndugu anayesubiri kukabidhiwa mwili, akisikia kicheko chumba cha pili, asikimbilie kwa mganga mfawidhi kushtaki. Atazame kwanza kama mtu wake ameoshwa vizuri, amefunikwa, na ametolewa kwa jina lake sahihi. Hayo ndiyo ya kumdai mhudumu.