Keroka: Mji Mmoja, Mipaka Miwili



Juma lililopita alinijia mama mmoja wa mtaani kwetu, uso umemsawijika. Binti yake amepata kazi ya ualimu Keroka. "Sheikh," akasema, "mwanangu anakwenda porini kusiko watu." Nikamwahidi kuwa jawabu langu ataliona katika safu hii, kwani wengi wetu wa pwani hudhani kuwa kila palipo mbali na bahari ni pori.

Tuanze na watu wenyewe. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira. Kisii ina wastani wa watu zaidi ya 900 katika kila kilomita ya mraba. Tana River, jirani yetu, ina watu wapatao 8 tu. Basi ikiwa pori ni uchache wa watu, lipo karibu nasi kuliko na Keroka.

Keroka ipo vilimani, katika barabara itokayo mji wa Kisii kwenda Sotik. Mvua ni nyingi na ardhi ina rutuba. Migomba na michai imefunika miteremko. Asubuhi kuna baridi, kwa hivyo binti asisahau sweta. Wenyeji ni Abagusii, na lugha yao ni ya Kibantu kama yetu: mtu ni omonto, mwana ni omwana, nyumba ni enyomba na maji ni amache. Akitega sikio, hatajiona mgeni kwa muda mrefu.

Historia yao ina machungu. Waingereza waliweka kituo chao Kisii mwaka 1907. Mwaka uliofuata Otenyo alimchoma mkuki ofisa wao, Northcote, na majeshi yakaletwa, nyumba zikachomwa na ng'ombe wakatekwa. Abagusii humkumbuka pia Moraa, bibi aliyewahimiza vijana wasikubali kutawaliwa.

Zilipoanza serikali za kaunti mwaka 2013, mpaka ukawa umepita katikati ya Keroka: huku Kisii, huku Nyamira. Tangu hapo serikali hizo mbili zimegombania ushuru wa soko mara kwa mara. Wakubwa wakivutana, anayetaabika ni mama aliyepanga ndizi zake chini, asiyejua amlipe nani.

Majumbani nako mambo ni hayo hayo. Shamba la babu hugawiwa wana, kisha wajukuu, hata kipande kikawa hakitoshi kulisha nyumba moja, na ndugu wakagombania hatua chache za udongo. Mtume (S.A.W.) ametuonya vikali juu ya mwenye kudhulumu ardhi, ijapokuwa ni shibiri moja.

Tusiwacheke wa bara. Hapa kwetu ni nyumba ngapi za marehemu zimekaa miaka bila ya kugawiwa, na dada wakiambiwa wasubiri? Mirathi ni haki ya mwanamke aliyoipanga Mwenyezi Mungu, si hisani ya kaka zake. Mwenye kucheleweshewa fungu lake na aende kwa Kadhi kabla mashahidi hawajafariki.

Nawe mama, mwache binti aende. Anakwenda kwa watu, tena wengi. Muusie awe jirani mwema.

Wabillahi tawfiq.