MAJI YA RANGI YASIMWAGWE KIJITONI

Ndugu wanaushirika na wanakijiji wote,

Maneno yamekuwa mengi juu ya maji ya kikundi cha batiki. Maji yale ya buluu na mekundu huteremka mpaka kijitoni, na kule chini wenzetu wanachota, ng'ombe wanakunywa. Wako wazee wanaosema kikundi kifungwe. Wako vijana wanaosema tutoe fedha za ushirika tununue unga mweupe, tuumwage kijitoni, jua limalize rangi. Maoni yangu ni kwamba pande zote mbili zimekwenda mbio mno.

Huo unga si uongo. Unaitwa titani dioksaidi, ndio huo huo unaotia weupe katika rangi za nyumba. Mwaka 1972 wataalamu wawili wa Japani, Fujishima na Honda, walitangaza kuwa kitu hicho kikiwa majini na kupigwa na mwanga husaidia kuyapasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Baadaye wengine wakaona kuwa hata rangi ya nguo hukatwakatwa kwa mwanga na unga huo. Huko Almería, Hispania, kipo kituo kinachojaribu kusafisha maji machafu kwa jua.

Tuelewe hivi: kanga ikianikwa juani kila siku hupauka. Jua linakula rangi. Unga huo unaharakisha kazi hiyo, na wenyewe hauliwi, kama jembe linavyolima na kubaki jembe. Ndiyo maana wanauita kichocheo.

Sasa basi, kwa nini tusiumwage kijitoni?

1. Unga huo hutumia ule mwanga wa jua usioonekana kwa macho, ambao ni kama sehemu 5 tu katika 100. Maji yakiwa meusi kwa rangi, mwanga haupiti. Unga utalala chini gizani bila kazi.

2. Maji ya kijito hayangoji. Kazi hii inataka maji yakae mahali pamoja, yakorogwe, yapate hewa na muda. Halafu unga wenyewe lazima utolewe. Nani atauchuja mtoni?

3. Maji kuwa meupe siyo kuwa safi. Rangi ikikatwa nusu nusu, vipande vingine vinaweza kuwa na sumu. Na kostiki soda wanayotumia akina mama haiondolewi na unga huu hata kidogo.

Kwa wale wanaotaka kikundi kifungwe, nauliza: sare za watoto wangapi hapa kijijini zimenunuliwa kwa batiki? Na sisi sote tunavaa nguo za rangi. Kosa halipo kwenye kazi. Kosa lipo pale maji yanapomwagwa.

Mimi nashauri tuanze na lililo mkononi mwetu. Rangi ya batiki huyeyuka kwa nguvu ya kostiki na haidro. Ikipigwa na hewa hurudi kuwa chembe zisizoyeyuka, ndiyo maana kitambaa hubadilika rangi kikitolewa ndooni. Basi tujenge shimo lililosakafiwa kwa saruji, kingo zake ziinuliwe maji ya mvua yasiingie. Maji ya rangi yakorogwe humo, yatulie, chembe nyingi zizame, ya juu yakauke na jua. Tope lisipelekwe bustanini. Shimo lenyewe liwe mbali na kijito: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka chanzo cha maji. Ndoo ya rangi itumike mpaka nguvu iishe, isimwagwe kwa haraka. Ushirika utoe saruji, kikundi kitoe nguvu kazi. Afisa wa maji wa wilaya aombwe kuja kuyapima. Akishapima, na akisema unga wa jua unafaa kwa maji yatakayobaki, hapo tutazungumza habari ya kununua.

Tutazame Mto Msimbazi kule Dar es Salaam, uliopokea uchafu wa viwanda miaka na miaka. Kuusafisha leo ni kazi ya serikali nzima. Sisi kijito chetu bado ni kazi ya majembe na mifuko ya saruji. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jambo hili litaletwa mkutanoni. Kila mtu aje na neno lake, na akina mama wa batiki wasikilizwe kwanza.

Ni mimi,
Katibu wa Tawi